TUIJUE NAMBA YETU: 61,741,120



Somo la safari hii ni la hesabu. Najua wako watakaofunua ukurasa upesi, maana neno lenyewe huwakumbusha fimbo ya darasa la tano. Nawaomba msifunue. Chukueni kalamu na karatasi, au kijiti na mchanga kama tulivyofundishwa baadhi yetu, twende pamoja. Hakuna jambo ndani ya somo hili lisilofanyika kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Namba tutakayoichunguza ni 61,741,120. Ndiyo idadi ya watu wa Tanzania, Bara na Zanzibar, katika Sensa ya mwaka 2022. Siku ya sensa ilikuwa tarehe 23 Agosti, na matokeo yalitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo. Kama ulihesabiwa, basi wewe ni moja iliyomo ndani ya namba hii. Ukiondolewa wewe peke yako inabaki 61,741,119, nayo ni namba nyingine kabisa: inagawanyika kwa 3, jambo ambalo namba yetu haliwezi, tena haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5, mambo ambayo namba yetu yanaiwezekania bila taabu. Mtu mmoja tu akitoka, tabia yote ya namba inageuka.

Lakini kabla ya kuishika namba kubwa, nina kisa cha namba ndogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitunza vitabu vya fedha katika mtaa mmoja ambao sitautaja. Jumapili ya Mavuno tulihesabu sadaka, nami nikaandika kitabuni shilingi 372,500. Kesho yake mzee mmoja wa kanisa akazipeleka benki, na hati ikarudi inasema 327,500. Zimepungua shilingi 45,000. Hapana aliyetamka neno "mwizi", lakini sote twajua namna ya kulisema neno hilo bila kulitamka. Mzee yule akahamia benchi la nyuma. Mkewe akaacha kuja kwenye mkutano wa akina mama.

Wiki ya tatu, nikiwa natayarisha taarifa ya halmashauri ya mtaa, nikakumbuka jambo alilotufundisha mwalimu wangu wa zamani: fedha zikipungua, kabla hujamtafuta mtu, kigawanye kwanza kwa 9 kile kilichopungua. 45,000 gawanya kwa 9 ni 5,000, wala hapana baki. Nikaanza kutoka jasho. Nikavitafuta vile vikaratasi vya bahasha za waumini, nikavijumlisha upya kimoja kimoja, nikapata 327,500. Mkono wangu mwenyewe ndio ulioiweka 7 mahali pa 2, na 2 mahali pa 7. Nilisimama mbele ya halmashauri nikasema kosa ni langu, kisha nikaenda nyumbani kwa mzee. Alinisamehe. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo tisa yako ilikuwa wapi wiki tatu zote?" Swali hilo sijalijibu hadi leo.

Sasa tuone tisa ile inafanyaje kazi, maana tutaihitaji mbele.

Fikiri una noti 7 za shilingi elfu kumi na noti 2 za elfu moja. Jumla ni 72,000. Mwenzako ana noti 2 za elfu kumi na noti 7 za elfu moja. Jumla yake ni 27,000. Nyote wawili mna noti tisa. Tofauti ni kwamba noti tano zako ni za elfu kumi, na mahali pake mwenzako anazo noti tano za elfu moja. Kila noti ya elfu kumi ikigeuzwa kuwa ya elfu moja inapoteza 9,000. Noti tano zinapoteza 45,000. Ndiyo hesabu yote. Popote tarakimu mbili zinapobadilishana nafasi, kinachopatikana au kinachopotea lazima kigawanyike kwa 9, kwa kuwa 10 ukitoa 1 ni 9, 100 ukitoa 10 ni 90, 1,000 ukitoa 1 ni 999, na hizo zote ni za tisa.

Nasema wazi, asije mtu akalitumia somo hili vibaya: mwizi naye aweza kuchukua 45,000. Kugawanyika kwa 9 hakumwachii mtu huru. Kunatupa sababu ya kurudi kitabuni kwanza kabla ya kwenda nyumbani kwa mtu.

Kutokana na hayo twapata kanuni ambayo wazee wetu waliosoma shule za zamani waliifahamu vizuri. Ukiwagawia watoto 9 machungwa 10, kila mmoja anapata 1, linabaki 1. Ukiwagawia machungwa 100, kila mmoja anapata 11, linabaki 1. Ukiwagawia 1,000, kila mmoja 111, linabaki 1. Hata milioni kumi ni hivyo hivyo, daima linabaki 1. Kwa hiyo kila tarakimu katika namba, iwe mahali pa mamilioni au mahali pa mamoja, inaacha baki iliyo sawa na yenyewe. Basi ukitaka kujua namba yoyote itaacha baki gani ikigawanywa kwa 9, jumlisha tarakimu zake tu. Namba yetu: 6 na 1 na 7 na 4 na 1 na 1 na 2 na 0, jumla 22. Jumlisha tena 2 na 2, ni 4. Watu wote wa sensa ile wakipangwa makundi ya watu tisa tisa, watabaki wanne. Na kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe nayo haigawanyiki kwa 3, wala kwa 6, wala kwa 12.

Hapo sasa twaweza kulijibu jambo moja ambalo kijana mmoja aliniletea, naye hakuwa akitania. Alisema, "Mwalimu, hii namba imepikwa. Tazama, wanaume ni 30,053,130, inaishia na sifuri. Wanawake ni 31,687,990, inaishia na sifuri. Jumla nayo sifuri. Watu hawahesabiki kwa makumi kama mayai."

Nilifurahi kwamba alitazama. Wengi hatutazami. Ni kweli kwamba namba zilizokadiriwa hupenda kuishia na sifuri. Hata katika Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya kwanza, utaona idadi za makabila zote zinaishia na sifuri mbili: Yuda 74,600, Dani 62,700, Manase 32,200. Ni kabila la Gadi peke yake linaloishia na hamsini, 45,650. Jumla yao ni 603,550. Huenda walihesabiwa kwa vikosi vya mamia na vya hamsini, kama vile katika kitabu cha Kutoka Musa alivyowaweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Basi swali la kijana wetu ni swali zuri.

Jibu lake ni hili. Sensa haikugawa watu kwa jinsia tu, iligawa pia kwa mahali. Tanzania Bara walikuwa 59,851,347, na Zanzibar 1,889,773. Hizo haziishii na sifuri. Moja inaishia na 7 na nyingine na 3, nazo saba na tatu zikikutana zinafanya kumi, na sifuri inatokea yenyewe. Na zile za wanaume na wanawake? Jumla ikishajulikana kuwa inaishia na sifuri, na wanaume wakaishia na sifuri, wanawake hawana hiari tena. Hivyo bahati yenyewe ni mbili tu, jumla kuishia na sifuri na wanaume kuishia na sifuri, na kila moja hutokea mara moja katika kumi. Zikutane zote mbili, mara moja katika mia. Mambo ya mara moja katika mia hutokea kila siku mahali fulani.

Tuijaribu pia kwa tisa. Bara: 5, 9, 8, 5, 1, 3, 4, 7, jumla 42, yaani 6. Zanzibar: 1, 8, 8, 9, 7, 7, 3, jumla 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Namba yetu ilitupa 4. Zinapatana. Wanaume: tarakimu zao jumla 15, yaani 6. Wanawake jumla 43, yaani 7. Tena sita na saba, tena 4. Inapatana pia.

Ila tisa ina upofu mmoja, na upofu huo ndio ule ulioniponza mimi. Karani akiandika 61,471,120 badala ya 61,741,120, tarakimu ni zile zile, jumla ni ile ile 22, na tisa haitaona kitu. Hapo huitwa kumi na moja. Anza mkono wa kulia. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, weka kando. Jumlisha ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Toa hizi za pili katika zile za kwanza, na zisipotosha ongeza 11 hadi zitoshe. Utakachopata ndicho baki ya namba ikigawanywa kwa 11. Kwa namba yetu: 0, 1, 4 na 1 ni 6, nazo 2, 1, 7 na 6 ni 16. Sita haitoshi kutoa 16, ongeza 11, ni 17. Baki 1. Kwa ile namba iliyokosewa: 0, 1, 7 na 1 ni 9, nazo 2, 1, 4 na 6 ni 13. Tisa na 11 ni 20, toa 13, baki 7. Kosa limeonekana. Bara kwa njia hii inatoa 6, Zanzibar nayo 6. Jumla 12, toa 11, inabaki 1. Kumi na moja inamkamata kila mara yule anayebadilisha tarakimu mbili zilizo jirani. Laiti ningeijua siku ile ya Mavuno.

Basi nilimwambia kijana kwamba namba hizi zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Zaidi ya hapo hesabu haiendi. Haiwezi kujua kama karani alifika nyumbani kwa bibi yako au alipita mbali. Hilo anajua bibi yako.

Sasa tuipasue namba yenyewe tuone ndani mna nini. Kila namba nzima kubwa kuliko 1, ama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, ama imejengwa kwa kuzidisha namba tasa. Tena imejengwa kwa namna moja tu. Ukianza wewe upande wa mashariki na mimi upande wa magharibi, tutakutana na mawe yale yale.

Namba yetu ni shufwa, basi tuigawe kwa 2 hadi ikatae. 61,741,120, 30,870,560, 15,435,280, 7,717,640, 3,858,820, 1,929,410, 964,705. Mara sita, kisha imekataa. Inaishia na 5, basi gawanya kwa 5: 192,941. Hapo wengi huchoka na kusema imekwisha. Haijaisha. Jaribu 3, inakataa. Jaribu 7: 27,563, bila baki. Jaribu 7 tena, inakataa. Jaribu 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote zinakataa, na mimi hapa nililala nikaendelea asubuhi. Jaribu 43: inatoka 641.

Je, 641 yaweza kupasuliwa? Kwa kuwa 29 mara 29 ni 841, imepita tayari, yatosha kujaribu namba tasa hadi 23. Zipo tisa tu. Zote zinaacha baki. 641 ni namba tasa.

Basi watu wa Tanzania katika sensa ile walikuwa 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2, mara 5, mara 7, mara 43, mara 641. Jaribu kuzidisha mwenyewe: sitini na nne mara tano ni 320, mara saba ni 2,240, mara arobaini na tatu ni 96,320, mara 641 ni 61,741,120.

Ukishayajua mawe, waweza kujua vigawo vyote bila kuvitafuta. Katika kujenga kigawo, ile 2 waweza kuiacha, au kuitwaa mara moja, mbili, hadi sita. Hizo ni njia saba. Ile 5 unaitwaa au unaiacha, njia mbili. Vivyo hivyo 7, 43 na 641. Saba mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 112. Namba yetu ina vigawo 112. Ni vingi. Ile jirani yake, ambayo ndiyo namba yetu bila wewe, haikosi vigawo, lakini jaribu uone kama utapata utajiri huu.

Fikirini paredi ya shule. Mwalimu wa zamu anataka safu zilizo sawa, asibaki mtoto hata mmoja pembeni. Kwa watu wote wa nchi anazo njia 56 za kuwapanga, kila jozi ya vigawo ikiwa njia moja. Njia iliyo karibu zaidi na mraba ni safu 6,880, kila safu watu 8,974. Mraba kamili hawezi kuupata. Namba inayoishia na sifuri moja tu kamwe si mraba. Akiweka safu 7,857 za watu 7,857, watabaki nje watu 8,671 wakilalamika.

Turudi kwa 641, maana namba hiyo ina historia. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, aliyekuwa mwanasheria huko Toulouse na hesabu aliifanya kama wengine wanavyocheza bao, aliamini amepata kanuni ya kuzaa namba tasa. Chukua 2, ongeza 1: 3. Chukua 2 mara 2, ongeza 1: 5. Kila mara izidishe ile ya kabla ya kuongeza kwa yenyewe: 4 mara 4 ongeza 1 ni 17, 16 mara 16 ongeza 1 ni 257, 256 mara 256 ongeza 1 ni 65,537. Zote tano ni tasa. Ya sita ni 4,294,967,297. Fermat aliamini nayo ni tasa, na zote zitakazofuata. Watu walikaa na imani hiyo miaka tisini na zaidi. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi, mwana wa mchungaji, akaonyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Kanuni ikaanguka, na iliyoiangusha ni 641 hii hii tuliyoikuta ndani ya sensa yetu. Kanuni iliyokubali mara tano ilikataa mara ya sita. Fermat alikuwa mtu mwenye akili nyingi kuliko sisi sote tukijumlishwa, naye hakuijaribu ya sita hadi mwisho.

Sasa itazameni tena namba yetu, tarakimu nne za mwanzo: 6174. Hizo zina jina lake duniani. Huko Devlali, India, alikuwako mwalimu wa shule, D. R. Kaprekar, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1986. Hakuwa profesa. Alifundisha watoto mchana, na wakati uliobaki alicheza na namba. Hapa Kinampanda, penye Chuo cha Ualimu, jambo hilo liwatie moyo wanachuo. Mwaka 1949 alitangaza jambo hili: chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote sawa kama 3333. Zipange tarakimu zake kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha kuanzia ndogo hadi kubwa, toa ndogo katika kubwa. Jibu lifanyie vivyo hivyo. Utafika 6174, na ukifika hutoki tena, kwa kuwa 7641 ukitoa 1467 ni 6174.

Tujaribu na mwaka wa sensa, 2022. 2220 toa 0222 ni 1998. 9981 toa 1899 ni 8082. 8820 toa 0288 ni 8532. 8532 toa 2358 ni 6174. Hatua nne. Mwaka 2012 unafika kwa hatua tatu. 1967 na 1978 kwa hatua tatu pia. 1988 na 2002 inachukua hatua sita. Haijapata kuzidi hatua saba kwa namba yoyote. Na mtaona kwamba kila jibu njiani linagawanyika kwa 9, kwa sababu ile ile ya noti zangu za Mavuno: tarakimu ni zile zile, zimebadilishana nafasi tu. 6174 yenyewe ni 9 mara 686.

Najua litakaloulizwa. Je, ni ishara kwamba idadi ya Watanzania ilianza na 6174? Hapana. Saa moja kabla au saa moja baada ya saa ya sensa, watoto walikuwa wanazaliwa na wazee wanafariki, na namba ingekuwa nyingine. Jumlisha kwamba karani mmoja tu akichelewa, 641 nayo inatoweka. Ni bahati, kama kukutana na jirani yako sokoni Singida. Unafurahi, unamsalimu, hujengi madhabahu mahali pale.

Neno moja juu ya ukubwa wake. Mtu akianza kuhesabu saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, namba moja kwa sekunde, bila kula wala kulala, angemaliza tarehe 6 Agosti 2024, saa nane na dakika kumi na nane mchana. Hata hivyo asingeweza, maana kutamka "milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini" kwanipotezea mimi sekunde tano na pumzi. Katika sensa ya mwaka 1967 tulikuwa 12,313,469. Izidishe namba hiyo kwa 5, utapata 61,567,345. Kwa miaka 55 tumekuwa mara tano, na 173,775 zaidi.

Mkoa wetu wa Singida nao tusiusahau. Mwaka 2022 tulikuwa 2,008,058. Gawanya kwa 2: 1,004,029. Watu huiogopa namba kama hiyo kwa kuwa haina mlango unaoonekana. Jaribu 13: 77,233. Jaribu 13 tena: 5,941. Jaribu 13 mara ya tatu: 457, nayo ni tasa. Mara tatu kumi na tatu! Vigawo vyake ni 16 tu, na mwalimu wa zamu ana njia nane za kutupanga. Iliyo karibu zaidi na mraba ni safu 914 za watu 2,197. Hiyo 2,197 ni 13 mara 13 mara 13, kama sanduku la sabuni lenye vipande 13 kila upande.

Zoezi. Mwaka 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 1,370,637. Jumlisha tarakimu zake, useme 9 inakuambia nini. Kisha fikiri karani ameandika 2,080,058 badala ya 2,008,058: tafuta tofauti, uigawe kwa 9, halafu uzijaribu namba zote mbili kwa 11. Vijana watakaofanya zoezi hili wanionyeshe madaftari baada ya ibada ya Jumapili. Nitakaa benchi la nyuma.